Nilipungua kilo kumi na tano kwenye mizani ya kununulia mahindi

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku baridi imetufanya tulale na makoti.

Ninayoandika ni kweli tupu. Shahidi wangu ni kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho kwa sasa hakipo.

Nina miaka hamsini na mbili, elimu yangu la saba, mkulima. Naishi Kizwite, shamba liko Pito. Ni mnene, wa kuachiwa benchi zima kwenye sala za jumuiya. Na nina sukari.

Kliniki walinipima, kilo 128. Dokta akasema, "Baba, punguza ugali, meza vidonge. Ukipuuza, mguu utakuja kuupoteza."

Mfipa mimi nipunguze ugali wa ulezi? Nikatafuta njia nyingine.

Njia nyingine inaitwa Deusi. Namtaja kabisa, na kama yumo humu asome vizuri. Deusi ananunua mahindi hapa mtaani, na pembeni anauza chochote. Safari hiyo alileta makopo ya unga, supplement ya amino asidi.

"Shikamoo mzee wangu. Hii inajenga nyama, halafu nyama inakula mafuta na sukari. Utanishukuru."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Njia mbili zilimshinda fisi, mzee wangu."

Nikaacha vidonge. Unga kijiko asubuhi, kijiko jioni, kwenye uji. Ugali uliendelea kama kawaida, tena niliongeza kidogo, si amino ingeula?

Baada ya wiki mbili Deusi akanipandisha kwenye mizani yake ya magunia, pale stoo. 119.

Wiki ya nne, 116. Kadiri msimu wa mahindi ulivyopamba moto, na mimi nikazidi kupungua. Mwisho ikasoma 113.

Hapa wakuu mnicheke taratibu. Mizani ile naijua. Kila mkulima wa Pito anaijua. Mwaka juzi niligombana na Deusi mbele za watu, gunia nililolipima nyumbani lilifika kwake limekonda. Nilimwita mwizi. Sasa mwizi yule yule ananipima mimi, na mimi nachekelea.

Mke wangu, Mama Stela, aliuliza mara moja tu. "Baba Stela, kama umepungua kilo zote hizo, mbona kifungo cha suruali kimeruka tena?"

Nikamjibu suruali za mtumba zinarudi zikifuliwa.

Nilisimama hadi kwenye jumuiya nikatoa ushuhuda. Makofi yakapigwa. Mama mmoja wa Pito, mwenye sukari kama yangu, akachukua kopo siku hiyo hiyo. Hilo liandikwe kwangu, sio kwa Deusi.

Basi siku moja nilishinda shambani nasomba mahindi. Jioni Mama Stela akaona damu kwenye soksi. Ndani ya raba kulikuwa na punje kavu ya hindi. Nimeikanyaga kutwa nzima, sikusikia kitu. Sukari ikishapanda sana mguu unakuwa kama wa jirani.

Deusi akanishauri niongeze kijiko. Nikaongeza. Siku ya kumi kidole kilikuwa cheusi.

Hospitali nesi akanipandisha kwenye mizani. 133.

Nikamwambia, "Mwanangu, mizani yenu mbovu. Juzi tu nilikuwa 113."

"Ulipima wapi, baba?"

Nikamtajia.

Akaniangalia sana. "Baba, hii inapima wajawazito kila siku. Haijawahi kununua mahindi."

Wodi nzima ilicheka. Nami ningecheka, ila sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine ikaandika HI badala ya namba, yaani imepita kipimo chake.

Dokta akanieleza kwamba amino ni vile vipande vinavyojenga protini, hata maharage ya shambani kwangu yanavyo. Unga wenyewe sio ulioniangusha. Kilichoniangusha ni kuacha vidonge na kuongeza ugali. Kidole kikakatwa. Akasema ningekaa wiki nyingine ungekwenda mguu.

Nilipotoka, nilianzia Pito kwa yule mama, natembelea fimbo. Sikuongea mengi, nilivua kiatu tu. Akaingia ndani akarudi na vidonge vyake na kikombe cha maji, akameza nikiwa palepale.

Funzo: mizani ikikuibia mahindi unaiona. Ikikuibia kitambi, unaipigia makofi.

Na msije mkadhani nimeerevuka. Msimu huu mahindi nimemuuzia nani? Deusi. Ndiye mwenye gari linalofika hadi shambani. Magunia yangu yalipungua mbele ya macho yangu, na hayakulamba amino hata kijiko.

Kliniki sasa nasoma 124, kwa vidonge na ugali wa saizi ya ngumi. Ngumi yangu lakini.

Kama kuna mwingine aliyeacha vidonge kwa maneno ya muuza makopo, aseme hapa chini, nisiwe mjinga peke yangu. Wa kutukana nao waje, ila taratibu. Kile kidole bado kinaniuma, hata kama hakipo.