Herufi Zenye Miguu

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: kitabu cha kwanza cha kusoma kuchapwa misheni kwetu Ugogo, enzi za Mdachi, nilikipanga mimi kwa mikono hii miwili.

Kiwandani tulikuwa na masanduku mawili ya herufi za madini ya risasi. La kwanza lilijaa zile nyeusi za Kijerumani, zimesokotana kama miba ya mgunga. La pili lilikuwa na herufi za duara, nyembamba hapa, nene pale, kila moja imesimama kwa vijiguu vyake. Mungu anisamehe, nilizipenda kuliko mchumba wangu. Ndizo nilizomchorea mama kwenye majivu kila jioni mpaka akazijua zote.

Sasa sikia balaa. Waliozisubu huko Ulaya walipima idadi ya kila herufi kwa lugha yao. Wangejuaje kwamba sisi tunakula "a" kama ugali? Desturi ya bwana wangu, Mdachi mchapaji, ilikuwa kupanga kurasa nane ndipo apige chapa. Ukurasa wa tatu haujafika nusu, nikatia mkono kwenye kichumba cha "a", nikagusa ubao mtupu.

"Basi," akasema bwana, "tumia zile nyeusi."

"Hizo hakuna atakayezisoma."

"Watajifunza."

Watajifunza lini? Mvua ikianguka kila mtu yuko shambani, darasa linafungwa, na mama alikuwa anakingoja kitabu hicho tu. Nilimwonyesha neno moja kwa herufi nyeusi, akasonya: "Hizi zimelewa!" Hasira zikanipanda. Nikamwambia bwana nitakimaliza kwa herufi za miguu, tena kabla ya mvua. Mdomo huponza kichwa! Akasema nikishindwa nirudi kuchunga ng'ombe.

Nikapanga ukurasa mmoja tu. Nikauchapa nakala zote, nikaosha risasi, nikauvunja, kila herufi ikarudi kichumbani mwake. Kisha ukurasa wa pili. Panga, chapa, vunja! Wenzangu walicheka wee, wakaniita kichaa. Vidole vilichubuka, mawingu yakaanza kukusanyika vilimani, nami sikuinua kichwa. Tulipopita nusu ya kitabu, bwana mwenyewe alikunja mikono ya shati, akashika mpini wa mtambo. Nilimshinda, na alijua.

Kitabu kilishonwa mvua haijaanguka, nikakimbia nacho nyumbani. Mama alikuwa anapepeta uwele. Nikakifungua kwa majivuno, nikaanza kumsomea.

Akaninyang'anya. "Nani kakwambia nataka kusomewa?"

Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Alisoma polepole, akakwama, akarudi nyuma, akakwamuka, mpaka mwisho wa ukurasa. Nililia, wala sioni haya kusema. Akafunua ukurasa wa pili, hakuniuliza.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Leo nakusomea mimi."