Tarehe ya Ubatizo

Mashine ile ililetwa hospitalini kwetu na Landrova ya mradi, imebanwa katikati ya magodoro mawili kama mgonjwa aliyevunjika nyonga. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Sabuni ya kuogea bado ilikuwa kitu cha kufichwa kabatini mgeni akibisha hodi, lakini sisi wa Ushirombo tukapewa kompyuta. Sikatai, nilifurahi. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kumbukumbu, nimechoshwa na taipureta iliyokuwa inaruka herufi, nikaona sasa nimefika.

Kazi yake ilikuwa chanjo za watoto. Tuliingiza jina la mtoto, kijiji, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, kisha mashine iwapange wote kwa umri na ituchapie orodha ya waliofikisha miezi tisa, maana huo ndio umri wa kuchomwa sindano ya surua. Dawa ilikuwa haba. Chupa ikishafunguliwa haikai mpaka kesho, kwa hiyo nesi alifungua chupa kwa walioitwa kwenye orodha tu. Asiyekuwemo alirudi nyumbani.

Sisi tulizoea kuandika siku, mwezi na mwaka, katikati alama za mkwaju. Mashine ilitaka mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, tarakimu zimeshikana bila nafasi, la sivyo isingeweza kupanga. Hilo tulilizoea kabla wiki haijaisha. Kugeuza tarakimu hakumshindi mtu. Kilichotushinda ni kugeuza maneno ya akina mama. Ukimuuliza mama mtoto amezaliwa lini, anakwambia amezaliwa tukipalilia karanga. Mwingine atasema alizaliwa wiki ile mzani wa pamba ulipoharibika. Kwangu hizo zilikuwa tarehe nzuri kabisa, maana kijiji kizima kilijua mzani uliharibika lini na nani aliuharibu. Mashine haikujua. Ukiiachia siku wazi ilipiga mlio mwembamba na kumtupa mtoto nje.

Ndugu mtakwimu, kijana aliyetumwa kutoka mkoani kuisimamia, akaweka amri: inaandikwa tarehe iliyo kwenye karatasi, basi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, shati lake limenyooshwa kila siku, Mungu anajua kwa mkaa gani. Alituambia kuwa mkoani wamechoka na takwimu za kubuni, na hapo alisema kweli, kwa sababu zilikuwapo zahanati zilizokuwa zinachanja watoto ambao hawajawahi kuzaliwa.

Sasa karatasi huku kwetu ilikuwa ipi? Watoto walizaliwa nyumbani. Cheti cha serikali ulikifuata mjini kwa nauli na kwa siku zako. Lakini karibu kila nyumba ilikuwa na kadi ya ubatizo, imetunzwa sandukuni pamoja na kitenge cha kanisani. Ilikuwa na muhuri na sahihi ya padre. Na watu wa huku hawabatizi mtoto akiwa bado mbichi. Wanangoja pamba iuzwe, wanangoja msimamizi apatikane, wanangoja baba arudi kutoka machimboni. Padre naye anafika kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, mara chache kwa mwaka, na akifika anabatiza benchi zima. Kwenye kadi upo mstari wa tarehe ya kuzaliwa, lakini mwalimu wa dini, amezungukwa na watoto wanaolia na wazazi wanaotaka kwenda kula, aliuacha wazi au aliandika tarehe ya siku hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye mashine yetu vijiji vizima vilizaa Jumapili moja kabla ya Krismasi.

Nilimwambia mapema. "Ndugu, hii ni tarehe ya maji. Mtoto alishazaliwa zamani."

"Ina muhuri?"

"Ina."

"Basi andika."

Na mashine ilipokea bila kinyongo.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa ameolewa kijiji cha mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hospitali. Mumewe alikuwa anachimba dhahabu upande wa Geita, anaonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa wakati pamba inabebwa kwenda kupimwa, mwezi wa sita. Sikusimuliwa, nilikuwepo, nilichemsha maji mimi. Akabatizwa Desemba, shemeji alipotokea na shati jipya na mbuzi wa kuchinja. Siku walipokuja kuandikisha watoto mimi nilikuwa Kahama kufuata karatasi za mashine, na mwenzangu ofisini akafuata amri. Mdogo wangu alimpa kadi ile kwa mikono miwili. Alijivunia kuwa nayo.

Mwezi wa nne akaja kliniki. Nilimwona dirishani, amekaa kwenye nyasi na wenzake, mtoto anajaribu kusimama kwa kushika kitenge chake. Nilikuwa nasubiri aje tunywe chai. Alikuja amekunja uso.

"Nesi amesema bado," akaniambia. "Eti ana miezi minne. Amenipongeza kwa kunyonyesha vizuri."

Mtoto alikuwa na meno manne. Alikuwa ameshika mguu wa meza yangu na anautafuna.

Nilimfuata nesi. Nilimwomba kwa heshima zote, maana alikuwa mkubwa kwangu. "Shikamoo sista. Mtoto huyu ni wa kwetu, mimi shahidi, ameshapita hata hiyo miezi tisa."

"Marahaba, mwanangu. Nakuamini, hata macho yangu yanakuamini," akajibu. "Lakini chupa zinakuja kwa idadi ya majina. Mwenzangu aliyechanja nje ya orodha amehamishwa. Nenda karekebishe huko kwenu kwenye mashine, kesho yake tu nitamchoma."

Akasema hivyo huku amempakata mtoto, anamchezesha. Nikaenda kwa ndugu mtakwimu. Nilimweleza yote, maji niliyochemsha, pamba, mbuzi wa Desemba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikikubali neno lako kwa mtoto wa mdogo wako," akasema, "kesho nitamkataliaje mama mwingine? Leta barua ya mwenyekiti wa kijiji, iwe na muhuri. Siku hiyohiyo tunabadilisha."

Nilitoka mle ofisini. Mpaka leo nikikumbuka nahisi joto masikioni. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa na haki. Ukimtazama kila mmoja peke yake, nesi, mtakwimu, mwenzangu, hata mwalimu wa dini, humpati wa kumtukana. Ningempata, ningepumua.

Mdogo wangu akarudi kijijini kutafuta barua. Mwenyekiti alikuwa amekwenda Runzewe msibani. Aliporudi, muhuri ulikuwa kwa katibu, na katibu alikuwa shambani kwake mbali. Barua ilipatikana mvua zikiwa zimekatika, imeandikwa vizuri, muhuri wake umekolea. Mdogo wangu aliileta mwenyewe, mtoto mgongoni. Nikaipeleka kwa ndugu mtakwimu mbio, na yeye akafurahi kweli, akanyanyuka.

Halafu akakaa tena. Dizeli ya jenereta ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya chumba cha upasuaji, na hakuna mtu mwenye akili angeidai. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua, kama maiti ya mtu tajiri.

"Tuandike kwa mkono," nikasema. "Nitaandika orodha mimi, jina moja tu."

"Ya mkono haitalingana na iliyoko mkoani. Dizeli iko njiani, wamenithibitishia kwa redio. Vumilia kidogo, dada."

Nilimwambia mdogo wangu avumilie kidogo. Akaniangalia, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Surua iliingia kwa kupitia machimboni. Wachimbaji walirudi nyumbani na watoto wao waliokuwa wakiishi nao kwenye maturubai, na kabla ya mwezi kwisha vijiji vya barabarani vilikuwa vinakohoa. Mdogo wangu alikuja safari hii amebebwa kwenye baiskeli ya jirani. Macho ya mtoto yalikuwa yameshikana kwa utandu, mwili mzima umepata vipele, kifua kinapanda na kushuka haraka. Kijijini bibi mmoja alikuwa amemkataza asimpeleke mtoto wa surua kwenye sindano, kwamba vipele vitarudi ndani. Alimsikiliza siku moja, kisha akamkaidi.

Wodini watoto walilala wawiliwawili. Kwenye kadi ya juu ya kitanda, daktari aliandika umri wake kwa kufuata orodha yetu, mdogo kuliko alivyokuwa. Nilikata kwa kalamu nikaandika umri wenyewe, na hapo hakuna aliyenigombeza. Nilishinda pale kila nilipomaliza kazi. Mtoto alikuwa ananijua. Nikimwita alikuwa anageuza kichwa upande wangu ijapokuwa hakuweza kufumbua macho.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, wagonjwa wanapewa uji. Mdogo wangu hakupiga kelele. "Ng'wana wane," alisema, mwanangu, akarudia, akaanza kumvalisha soksi. Nilitaka kumwambia hana haja ya soksi. Nikamsaidia kumvalisha ya pili.

Tulimzika kijijini. Baba yake aliletewa habari machimboni akafika tumeshamaliza. Mimi nikarudi kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Nilikaa mbele ya meza yangu na sikuamini chochote, wala dawa, wala barua, wala Mungu wa kwenye kadi zile. Watu walinipa pole, nikaitikia.

Dizeli ilifika. Wakafunua mashine, wakapangusa vumbi, na ndugu mtakwimu akaja kusimama karibu na meza yangu, ameshika ile barua ya mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, pole sana. Lakini hatuwezi kumwacha hivi. Rekebisha kwanza tarehe ya kuzaliwa, halafu ujaze ya kufa, la sivyo mashine itakosea umri."

Nikaandika mwaka, mwezi wa sita, na siku iliyotajwa kwenye barua. Mashine ikapokea. Nikashuka mstari wa chini, vidole vyangu vikasimama.

"Barua ya hii iko wapi?" nikamuuliza.

Akashangaa. "Ya nini? Si ulikuwepo?"

Nikaandika mwaka, mwezi, siku. Haikupiga mlio.