Mfumo Wangu Umewafanya Pacha Kuwa Mtoto Mmoja, na Ijumaa Natakiwa Kusaini

Admin, naomba unifichie jina kabisa, maana huku Pasiansi tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, Mhaya, nimeolewa na Msukuma, tuna mtoto mmoja. Natengeneza mifumo ya kompyuta. Bosi wangu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea mume wangu tangu baba yao afariki. Kwenye ukoo ule, yeye akisema amesema.

Mwaka huu tulipata kazi ya kuhamisha mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja ya binafsi kwenda kwenye kanzidata. Yalikuwa vurugu tupu. Mtoto mmoja ana faili tatu: moja ina jina la nyumbani, nyingine la ubatizo, ya tatu karani kajiandikia anavyojua. Mimi nikajiona fundi. Nikaandika programu kwamba rekodi zikifanana jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na simu ya mama, basi huyo ni mtu mmoja, na taarifa mpya ifute ya zamani. Jina la kwanza nikaliacha, si ndilo lililokuwa linasumbua? Shemeji alinisifia mbele ya ofisi nzima, nikavimba kichwa.

Jamani, hapa ni Usukumani. Pacha Kulwa na Doto wako kila mtaa. Baba mmoja, siku moja, simu ya mama ile ile. Mawifi zangu wawili ni Kulwa na Doto, nimekula nao sahani moja miaka saba, na bado sikufikiria. Pacha wote wa jinsia moja, mfumo wangu umewafanya mtu mmoja.

Niligundua wiki iliyopita. Nesi alinipigia akilalamika kwamba kuna mtoto Doto hayumo kwenye mfumo, yupo Kulwa tu, na huyo Kulwa inaonyesha hana mzio wa dawa yoyote, wakati mama yao anaapa kwamba penisilini ilitaka kumuua Doto. Nikamwambia amsikilize mama. Kisha nikafungua orodha ya rekodi zilizounganishwa. Kulwa na Doto peke yao ni jozi arobaini na moja. Wale wenye majina ya ubatizo sijui ni wangapi. Bakapu zetu, yaani nakala za akiba, hujifuta kila baada ya wiki mbili, na kazi ile niliifanya miezi miwili nyuma. Taarifa zilizofutwa zimebaki kwenye karatasi tu.

Nikamweleza shemeji. Hata hakupandisha sauti. Alisema, "Hospitali ya pili wanasaini mkataba mwezi huu. Ukifungua mdomo, ofisi hii inafungwa, na mumeo naye anafanya kazi hapa." Akanisogezea barua ambayo hospitali imeiomba: fundi athibitishe kwamba kila taarifa imehamishwa salama. Jina langu limeshachapwa, bado sahihi tu. Natakiwa kusaini Ijumaa, na Jumamosi mafaili ya karatasi yanachomwa.

Mume wangu nilimwambia nikilia. Akasema, "Kaka ndiye baba yangu. Usinichagulishe." Tangu hapo anakula, anaaga, anaondoka. Sina hata wa kugombana naye.

Nimewaza kuacha kazi. Lakini nikiondoka atasaini mwingine asiyejua kitu, na karatasi zitachomwa vile vile. Nikisema, ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikinyamaza, kuna mtoto atachomwa sindano kwa taarifa za pacha wake, na aliyeziweka pale ni mimi. Naogopa, na aibu inanimaliza.

Jana matroni wa hospitali ile alinipigia mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaanza kunishukuru, akasema nimewapunguzia kazi na Mungu anibariki. Tulikuwa wawili tu kwenye simu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikasema, "Asante, mama."

Wanaotaka kunitukana wanitukane, nimestahili. Ila mkimaliza mniambie, maana leo ni Jumatano: nimpigie matroni sasa hivi, au nimsubiri kwanza mume wangu akubali? Na asipokubali je?