Mpira wa Tyubu Kwenye Swichi ya Bibi

Kuna watu wanaojua kidogo, na kuna wanaojua kidogo halafu wakanunua ovaroli. Mume wa mama yangu mdogo alikuwa wa kundi la pili. Alilinda geti la chuo miaka mingi huko Kyambogo, jirani na wanafunzi wa uhandisi, na nadhani uinjinia ulimwingia kwa njia ya hewa. Alipostaafu akahamia kwetu, kwa bibi mzaa mama, akajitangaza fundi wa nyumba nzima. Hakuna aliyemwomba.

Bibi alikuwa na kisima uani, alichochimba marehemu babu alipotoka jeshini, na juu yake pampu ndogo ya umeme. Pampu ilikuwa na swichi ya usalama: presha ya maji ikishuka mno, inakata umeme, pampu isije ikazunguka kavu ikaungua. Ila wakati wa kuwasha presha bado haipo, kwa hiyo swichi inagoma mpaka ushikilie kipini chake kwa kidole, maji yapande. Bibi alikishikilia kwa dole gumba huku akisoma Kulhuwallahu mara tatu, polepole. Mshale wa geji ya presha ukipanda, anaachia. Akimaliza na mshale umelala, anazima na kuondoka zake.

"Kisima kimechoka," anasema. "Kiacheni kipumue."

Injinia wetu aliona huo ni ushamba. Siku moja akarudi kutoka kwa mafundi wa Katwe na kipande cha mpira wa tyubu ya bodaboda, akafunga nacho kipini kisiachie tena.

"Mama, sasa unabonyeza tu, maji hayo! Teknolojia!"

Teknolojia, mpira wa tyubu! Bibi alimtazama kama mbuzi aliyeingia sebuleni. "Na dole gumba lako lina kazi gani nyingine, mwanangu?" Akaufungua. Kesho yake jamaa akaufunga tena. Wakaendelea hivyo mpaka bibi akaugua, akashindwa kutoka hadi uani, na mpira ukabaki pale pale. Nilipoufungua mimi, injinia aliniita mbele ya mama mdogo.

"Binti, wewe umesomea nini?"

Nimesomea ushonaji. Lakini Kulhuwallahu naijua.

Bibi alituusia jambo moja tu, akilirudia kila tulipomgeuza kitandani: akifa, aoshwe kwa maji ya kisima chake. Si ya bomba, si ya jerikeni za watu. Ya mume wake.

Alifariki alfajiri, katikati ya kiangazi. Watu wakajaa uani, sufuria zikaoshwa, wanaume wakatia udhu, maji yakamwagika ovyo. Injinia akabonyeza pampu yake, kisha akaenda kukaa chini ya turubai kuwaeleza waombolezaji jinsi anavyoiendesha nyumba hii. Mshale ukalala. Nani auangalie? Harufu ya waya kuungua ilitufuata sisi wanawake chumbani, bibi amekwisha kulazwa tayari kuoshwa, mikono yetu mikavu.

Nilitoka mbio. Pampu inafuka moshi, kipini kimefungwa kama mwizi.

"Umeme wa siku hizi mbaya sana," akasema, akitikisa kichwa.

Bannange, jamani! Umeme! Niliwaka. Nikamwambia mbele ya wazee wote, na sijutii hata leo: "Baba mdogo, umeme haujui kufunga fundo."

Majirani, Mungu awabariki, walikwisha kuanza kuleta jerikeni. Mama mdogo akazizuia mlangoni akilia: "Mama alituusia! Mama alituusia!" Nikafunua kisima. Chini kulikuwa na tope tu. Nikamwendea imamu, nikamwomba mazishi yasogezwe kutoka adhuhuri hadi alasiri, kisima kipumue. Akakubali. Tukakaa tukingoja.

Maji yalirudi, machache, lakini masafi. Nikachukua ndoo na kamba, nikamshikisha.

"Vuta."

Akawatazama wazee, akitafuta wa kumtetea. Wazee wakatazama tasbihi zao. Basi akavuta, na ovaroli lake, ndoo baada ya ndoo, akihema, nami nikizipokea na kuziingiza ndani. Maji ya kwanza yalipogusa bega la kulia la bibi, nililia. Yalikuwa ya baridi, kama alivyoyapenda.

Nilipotoka kuchukua ndoo ya mwisho, nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kisima, viganja vimechubuka.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "nitafutie kitambaa nifunge mkono."

Nikaenda kwenye pampu. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikarudi, nikamwekea ule mpira kiganjani.

"Funga na huu, baba. Si ndio unaouamini?"

Akaufunga.