Fundi Majeneza Aliyemjengea Kobe Chumba

Saa tatu asubuhi, Bushra Habib amelala kifudifudi kwenye zulia la sebule isiyo yake, uso kwa uso na kobe. Nje, mvua ya Januari inachapa madirisha ya mtaa wa Muharram Bey. Kobe ananyoosha shingo, anang'ata jani la jarjir, mboga ya saladi, anatafuna.

"Anakula," Bushra ananong'ona. "Bibi Fotna, njoo uone. Anakula!"

Mzee Bushra ni fundi wa majeneza hapa Aleksandria, kama alivyokuwa baba yake.

"Sijawahi kupata mteja wa kulalamika," anasema akijipangusa magoti. "Huyu ndiye wa kwanza."

Mteja mwenyewe anaitwa Basha. Ameishi kwenye roshani ya ghorofa ya nne tangu Bibi Fotna alipoolewa. Msimu huu baridi ilimzidi: akatokwa na kamasi, akasusa chakula. Daktari wa mifugo akaonya kuwa asipohamishiwa ndani, kwenye sanduku lenye joto, hataiona Pasaka.

Bibi Fotna ni mjane asiye na mtoto. Alimwita seremala pekee aliyemfahamu, yule aliyemtengenezea marehemu mumewe jeneza.

Balaa likaanzia kwenye ngazi. Majirani walimwona Bushra akipandisha sanduku, wakadhani ni jeneza la bibi. Hajjat Inshirah wa ghorofa ya pili akaangua kilio, jengo zima likamfuata.

"Nafungua mlango, nawakuta wananililia!" anasimulia Bibi Fotna. "Inshirah ananitazama, anasema, 'Fotna, Mungu akurehemu!' Nikamwambia, 'Akurehemu wewe! Na sufuria yangu uliyoazima, leo hii nirudishie.'"

Sanduku nalo lilikuwa na kasoro. Bushra aliweka kioo upande wa mbele ili bibi amwone kobe wake. Basha akaliona kochi ng'ambo ya kioo, akaamua kwenda. Akagonga kichwa, akarudi nyuma, akagonga tena, kutwa nzima. Taa ya joto ilining'inia katikati, hivyo hakuwa na pembe ya kukimbilia joto likimzidi.

"Bushra," bibi alimfokea, "wewe umezoea wateja wasiohama!"

Fundi anakiri neno lile lilimchoma. Aling'oa kioo, akapigilia mbao. Taa akaisogeza pembe moja, na kando yake akafunga taa ya pili, ya kumpa mwanga kama wa jua. Kwenye pembe ya baridi akalaza nusu ya chungu, iwe pango. Akamwaga udongo wa kutosha kuchimba, akaweka sahani bapa ya maji. Kisha akalala sakafuni, achungulie dunia kwa kimo cha kobe.

Leo Basha amekula. Bibi Fotna anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anasingizia vitunguu.

Bushra ana kazi nyingine moyoni. Binti yake, Irini, ana mimba ya miezi saba, na alikuwa amekataa katakata baba yake amtengenezee mtoto kitanda. "Baba, nakupenda," alimwambia, "lakini mwanangu halali kwenye mbao zako."

Jana Irini alikuja kumwona Basha. Alisimama pale muda mrefu, akimtazama akichimba, akizama kwenye udongo, akisinzia chini ya taa.

"Akaniambia nianze kuchagua mbao," anasema Bushra, akishindwa kuzuia tabasamu. "Ila ameniwekea sharti moja."

Sharti gani?

"Kisiwe na kifuniko."