Aifoni Kulia, Androidi Kushoto

Bi Shungi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa sababu hakuna kichwa kilichowahi kutoka mikononi mwake bila shungi la kueleweka, hata vile vichwa vyenye nywele za kuombea dua. Saluni yake ni chumba kimoja: kioo kirefu ukutani, benchi la wanaosubiri, feni inayozunguka ikijisikia, na kiti kimoja cha kusukia. Kiti ni kimoja na wasusi ni wawili. Mgeni akishangaa, Bi Shungi humuuliza, "Kwani mama umekuja na vichwa vingapi?"

Msusi wa pili anaitwa Sindano. Wembamba ndio uliompa jina, ulimi ukalitia muhuri. Bi Shungi husimama kulia kwa mteja, Sindano kushoto. Wanaanzia kisogoni na kwenye panja, wanapanda, na mistari inakwenda kukutana utosini. Kazi ya namna hiyo haina mchezo. Mmoja akikaza na mwingine akilegeza, mteja anatoka kichwa kimepinda kama mlango uliofungwa na fundi mlevi. Lakini kichwa cha hawa wawili ungeapa kimesukwa na mtu mmoja mwenye mikono minne.

Walichoshindwa kukubaliana ni simu.

Bi Shungi ni mtu wa aifoni. Yenyewe alirithi kwa mdogo wake aliyenunua mpya, na ilikuja na ufa kwenye kona, lakini ungemsikia anavyoisema ungedhani alihudhuria siku inaundwa. "Picha yangu mimi inaonyesha mpaka unywele mmoja mmoja," alikuwa akitamba. "Na ukiishika, mkono wenyewe unajua umeshika kitu."

Sindano ni wa androidi, kindakindaki. "Yangu ina laini mbili, naipamba nitakavyo, naitumia nitakavyo. Yako wewe kila kitu mpaka ikubali yenyewe. Hiyo ni simu au mama mkwe?"

"Afadhali mama mkwe mwenye msimamo kuliko mlango wazi wa kila mpita njia."

"Mlango wazi ndio wenye wageni, shoga. Hebu uliza benchi zima, nani ana chaja ya kukuazima?"

Hapo benchi nalo linagawanyika. Mteja wa aifoni akikaa kitini, Bi Shungi anampuliza shingo na kumuuliza kama anaumia. Akikaa wa androidi, Sindano anamkanda mabega. Kutwa nzima ndiyo hiyo, maneno yanapishana juu ya kichwa cha mtu na mikono inakimbia, na hakuna aliyewahi kwenda nyumbani amenuna. Kambi hizo mbili zilifanana kwa jambo moja tu: simu zote ziliguswa kwa kifundo cha kidole, maana vidole vyenyewe vilikuwa vimejaa mafuta.

Mafuta hayo hayo ndiyo yaliyoleta msiba. Siku hiyo walikuwa wamemaliza kichwa cha binti wa duka la dawa, wanachovya ncha za rasta kwenye jagi la maji ya moto ili zisifumuke. Sindano ameshika jagi. Bi Shungi akaona mvuke unapanda vizuri, akataka kuupiga picha awatumie wateja. Akainama, akanyoosha mkono, na ile aifoni ikamponyoka kama sabuni. Chubwi!

Sindano akaiopoa kwa mkia wa chanuo, ikatoka inafuka moshi.

"Imeiva," alisema binti wa duka la dawa.

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara aliifungua, akaitazama, akaifunga taratibu kama mtu anayemfunika marehemu. "Mama," alisema, "hii tuiache ipumzike."

Bi Shungi alirudi saluni amejiandaa kuchekwa. Kumbe Sindano hakucheka. Kesho yake alikuja na simu yake ya zamani, androidi, ameifunga kwenye kitambaa safi. "Chukua, mwenzangu. Ilikuwa imelala kabatini. Namba za wateja wote nimeshakuwekea."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Bi Shungi alipokea, akashukuru, akageuza uso kutazama feni. Na tangu siku hiyo akafunga mdomo. Benchi lilipomchokoza, "Bi Shungi, haya sema, ipi bora?" alijibu, "Simu ni simu." Waliomsikia walitazamana kama waliosikia imamu akisema dini zote ni sawa.

Kibaya zaidi, simu yenyewe ilimkaa vizuri. Maandishi aliyakuza mpaka akaacha kukunja uso akisoma. Kila usiku alibadilisha picha ya mbele, leo ua, kesho maporomoko ya maji. Mumewe, seremala ambaye simu yake ni ya vitufe na ina tochi, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anatabasamu peke yake.

"Mama watoto, umehamia kwa Sindano?"

"Nani kahama? Nimepanga tu."

"Sawa, mpangaji. Zima taa tulale."

Saluni nako kukawa na adabu isiyozoeleka. Bi Shungi hasemi kwa sababu amefadhiliwa. Sindano hasemi kwa sababu si vizuri kumsimanga aliyefiwa. Wanawake wawili wenye midomo yao mizima, kimya, mpaka mlio wa feni ukasikika. Walikuwa wanaambiana "tafadhali nipitishie chanuo" kama watu waliokutana hospitali.

Na vichwa vikaanza kuharibika.

Wa kwanza alirudi anajikuna: kulia kumekaza mpaka jicho limepanda, kushoto kumelegea. Wa pili, Sindano alifika utosini mapema akabaki amesimama kama anasubiri gari, huku Bi Shungi bado yuko nyuma ya sikio. Mistari haikukutana, ikabidi wafumue. Bi Shungi alisingizia aina ya nywele. Siku nyingine alisingizia feni. Mshona nguo wa jirani, aliyesukwa hapo miaka na miaka, alijitazama kiooni huku na huku, akalipa, akaaga vizuri mno. Baadaye wakamwona anaingia saluni ya kona, ile yenye viti vingi.

Jioni hiyo, wakifagia nywele, Sindano alisema kwa upole, "Nilikuwa nawaza. Labda tuongeze kiti cha pili. Kila mtu na kichwa chake."

"Siyo wazo baya," Bi Shungi alijibu, na kiti hicho kikamkwama kooni njia nzima mpaka nyumbani. Maana alijua vizuri maana yake. Kiti cha pili leo, kioo cha pili kesho, kisha pazia katikati, na mwisho mlango wa pili. Yeye kusuka peke yake anaweza. Ila hataki.

Asubuhi akaja nesi, mteja wao wa siku zote, anaozesha dada yake wikiendi. Alikaa kitini na onyo mkononi. "Jamani, nataka mistari ikutane juu, sawasawa. Mwenzangu wa wodini alitoka hapa na kichwa kama ramani. Mkiniharibia, nisameheni, na mimi nitahama."

"Haitatokea, dada nesi," walisema kwa pamoja, kwa heshima zote, na wakaanza kimya kimya.

Hawajafika mbali, Bi Shungi akaona. Sindano ameshatangulia mistari miwili. Yeye mkono wake unajiburuta kama unavuta ndoo kisimani. Akajilazimisha, akakaza mno, akalegeza. Ghafla kichwa cha nesi kikaangukia upande wa Sindano. Mwanamke wa watu amesinzia.

Bi Shungi alikiinua kwa viganja viwili, akakishika hapo hapo. Miaka yote nesi alikuja akitoka zamu, macho mekundu, na hajawahi kulala kwenye kiti hiki. Atalalaje, na maneno yalikuwa yanapita juu yake kama mipira? Na mikono yao ilikuwa ikienda na maneno hayo: mmoja akirusha neno na kusuka, mwenzake akirudisha neno na kusuka. Ubishi ndio uliokuwa ukiwapigia hesabu.

Alikohoa. "Sindano."

"Abee."

"Hii simu yako ni mbaya."

Mikono ya Sindano ilisimama. "Eti?"

"Umenisikia. Wewe mtu nakushukuru, Mungu akulipe. Simu yenyewe sasa! Haina hadhi hata kidogo. Kila ninachotaka, sawa. Kila ninachobonyeza, karibu. Simu gani hainuni? Aifoni yangu ilikuwa ukiipata, unajua umepewa."

Sindano alimtazama kupitia kioo. Kisha taratibu, upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

"Iliyokuwa yako," alisema, na vidole vikaanza kukimbia, "ilikuwa inahitaji chumvi na ndimu tu! Nimejizuia, nimejizuia, nikasema huyu kafiwa. Supu, Bi Shungi! Umetupikia supu ya aifoni humu ndani na hukutugawia!"

"Ilikufa kazini! Yako ingekufa kwa woga, ingeona mvuke tu!"

"Yangu unaibadilishia maua kila usiku! Unadhani sijaona? Ua jana, maji leo!"

"Naivalisha ili isinitie aibu!"

Nesi alizinduka. "Kuna nini? Nani kafanya nini?"

"Tulia dada nesi, usigeuke. Wewe una simu gani?"

"Aifoni."

"Mmesikia?" Bi Shungi aliliuliza benchi, na benchi lote likaitikia kwa kelele, waliokubali na waliokataa. Mistari ikapanda, kulia na kushoto, mkono kwa mkono, ikapita masikio, ikakutana utosini bila mmoja kumsubiri mwenzake. Nesi alijipapasa kwa viganja, akajitazama kiooni mbele na nyuma, akacheka. "Haya. Sasa ndiyo ninyi."

Alipoondoka, Sindano alinyoosha mkono uliong'aa kwa mafuta. "Basi kama simu yangu ni mbaya hivyo, nirudishie."

Bi Shungi alifunika mfuko wa aproni kwa kiwiko, haraka.

"Nikurudishie, halafu niiseme nikiwa nimeshika nini? Hebu mwite huyo anayefuata, akae."