Trekta Dogo na Kamba ya Mgomba

Juzi nilikuwa duka la zana za kilimo, Ngara mjini, nikisubiri jembe langu litiwe mpini. Akaingia bibi mmoja kutoka Bukiriro, akatoa kwenye mkoba kamba ya mgomba. Muuzaji, kijana wa umri wa mjukuu wake, hata shikamoo hakumpa.

Bibi akainama mbele ya trekta dogo lililokuwa likiuzwa pale, akaivuta kamba kutoka gurudumu hadi gurudumu. Haikufika.

"Unapima suti?" muuzaji akacheka.

"Kamba hii ni nafasi kati ya migomba yangu. Trekta hili halipiti."

"Si ung'oe mstari mmoja!"

Bibi akainuka. "Ning'oe chakula, halafu nilime nini?"

Akakunja kamba yake taratibu, akatoka. Muuzaji akanigeukia akitafuta wa kucheka naye: "Hawa hawataki maendeleo kabisa."

Maendeleo gani? Muuzaji hajui shamba la mteja lina upana gani, wala hakuuliza! Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Lakini hasira yangu ilichelewa. Mtaalamu alikuwa mmoja tu mle dukani, naye tulimwacha aondoke bila shikamoo, hata yangu.